Bahari ya Unyamwezi na Vijana Watakaoizamia

Elimu ya viumbe wa majini inatofautiana na elimu nyingine za maumbile kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba makazi ya viumbe wenyewe yamefichwa na uso wa maji, kiasi kwamba mtu anaweza kuishi ufukweni umri wake wote, akala samaki kila siku na kuwataja kwa majina, bila kuwahi kumwona hata mmoja wao akijenga kiota, akilinda makinda yake au akimfukuza jirani kwenye mpaka wa mwamba wake. Mvuvi hodari hujua mengi, tena mengine ambayo mtaalamu wa chuo kikuu hayajui, kwa sababu nyavu, ndoana, upepo na mbalamwezi vimemfundisha. Lakini anayoyajua ameyajua kutoka juu, kwa kupitia kile kilichokubali kunaswa. Uzamiaji wa mtungi, yaani ule ambao mzamiaji hubeba mgongoni chupa ya chuma yenye hewa iliyoshindiliwa na kuivuta kupitia kipumulio, ulienea duniani baada ya Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan kuunda kipumulio chao nchini Ufaransa mwaka 1943, na ukampa binadamu muda wa kutosha chini ya maji wa kutazama, kuhesabu na kuandika. Katika miongo ya karibuni nyenzo hiyo imetiwa pia mikononi mwa vijana wa umri wa shule. Katika jimbo la Florida nchini Marekani, kwa mfano, shirika la SCUBAnauts International, lililoanzishwa mwaka 2001, huwachukua vijana wa miaka 12 hadi 18, huwafundisha kuzamia, kisha huwashirikisha katika kazi halisi za sayansi, ikiwemo upandikizaji wa matumbawe katika miamba iliyoharibika, ili kijana aijue bahari kwa kuifanyia kazi.

Huenda msomaji akauliza habari hizo zinaihusu vipi Tabora, mji ulio katikati ya uwanda wa juu wa magharibi mwa Tanzania, kiasi cha kilomita 840 kwa reli kutoka Dar es Salaam na zaidi ya kilomita 400 kutoka Kigoma, mji unaosifika kwa maembe, asali, tumbaku na misitu ya miombo, wala si kwa samaki. Swali hilo ni la haki, na ndilo linalostahili kutafakariwa, kwa sababu limejengwa juu ya dhana iliyozoeleka mno kwamba elimu ya maji ni mali ya watu wa pwani na visiwani, na kwamba kijana wa bara, akishaijua ramani ya bahari darasani, amepata fungu lake. Historia ya Tabora inaikanusha dhana hiyo, na jiografia yake inaikanusha zaidi.

Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na maeneo jirani ya mrima, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, na kuishia Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, iliunganisha maji mawili makubwa, na Tabora, ambayo wageni wa katikati ya karne ya 19 waliiita Kazeh, ilikuwa mahali pa kupumzikia, kugawanya mizigo na kupasha habari. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watu waliotekwa na kufungwa minyororo, na hakuna tafakari ya haki inayoweza kuitaja bila kulitaja hilo. Lakini ilikuwa vilevile njia ya kazi ya hiari na ya ujuzi, kwani Wanyamwezi waliifanya kazi ya upagazi kuwa fani yenye kanuni zake, na waandishi kadhaa wa karne ile wameeleza kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa kuwa mtu mzima wa kuoa mpaka awe amebeba mzigo hadi pwani na kurudi. Kwa maneno mengine, kulikuwa na wakati ambapo safari ya kwenda kuyaona maji makubwa ilikuwa sehemu ya malezi ya kijana wa Unyamwezi, nayo haikuwa anasa. Hata alama za utawala zilitoka majini: kibangwa, kile kisahani cheupe cha mviringo kilichokatwa kwenye kitako cha kombe la konokono wa baharini wa jamii ya Conus, kilivaliwa na watawala wa nchi za bara ambao wengi wao hawakuwahi kusikia mawimbi ya Bahari ya Hindi.

Habari za maji ya bara nazo zilisafiri kinyume, kutoka magharibi kwenda pwani, katika vinywa vya wapagazi na wafanyabiashara. Mmisionari Jakob Erhardt, aliyezikusanya habari hizo pwani katika miaka ya 1850, alichora pamoja na mwenzake Johannes Rebmann ramani iliyosambaa Ulaya mwaka 1856, ambayo ndani yake maziwa matatu, yaani Viktoria, Tanganyika na Nyasa, yaliunganishwa kuwa ziwa moja refu kupita kiasi lililoandikwa Bahari ya Unyamwezi. Ramani hiyo ilikosea, lakini kosa lilikuwa la mchoraji aliyeunganisha, wala si la wasimulizi, ambao kila mmoja alikuwa ameeleza kwa usahihi maji aliyoyafikia yeye. Ni ramani hiyo iliyochochea safari ya Richard Burton na John Hanning Speke, ambao walifika Ujiji mwezi Februari 1858 na kurejea Kazeh mwezi Juni mwaka huohuo.

Katika mizigo iliyorudi na msafara huo ndimo ilimoanzia sayansi ya Ziwa Tanganyika. Speke alikuwa ameokota makombe ya konokono na chaza kwenye fukwe za Tanganyika, na makombe hayo, baada ya kupita Kazeh na kufika pwani kwa nguvu za wapagazi, yalipelekwa London, ambako mtaalamu S. P. Woodward aliyaeleza kisayansi mwaka 1859. Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba baadhi ya konokono hao, ijapokuwa walitoka katika maji matamu yaliyo ndani kabisa ya bara, walikuwa na makombe mazito yenye vinundu na mbavu, yanayofanana na ya konokono wa baharini. Mshangao ukaongezeka. Edward Coode Hore, baharia wa Kiingereza aliyefika Ujiji mwaka 1878 kama mtumishi wa misheni, alikusanya makombe mengine, na mmoja wa konokono wa ajabu kuliko wote, mwenye miiba mirefu kama taji, akapewa jina la Tiphobia horei kwa heshima yake. Mwaka 1883 Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani aliyekuwa amekaa katika nchi iliyo kusini mwa Tabora, aliona ndani ya ziwa konyeza wengi, yaani wale wanyama laini, wapitishao mwanga, ambao watu huwafahamu kama viumbe wa bahari.

Konokono wenye sura ya bahari, na konyeza juu yao! Haishangazi kwamba mtaalamu wa Kiingereza J. E. S. Moore, aliyeongoza safari mbili za utafiti katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, alifikia rai kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyokuwa imeingia ndani ya Afrika kisha ikakatwa, rai aliyoitetea katika kitabu chake cha mwaka 1903. Rai hiyo haikusimama. Msafara wa W. A. Cunnington wa miaka 1904 na 1905 ulikusanya ushahidi ulioidhoofisha, na jiolojia ya baadaye ikathibitisha kwamba ziwa lilizaliwa katika kupasuka kwa Bonde la Ufa la Magharibi, pasipo bahari yoyote, na kwamba konokono wake walipata sura ya kibahari kwa kuishi kwa muda mrefu sana katika maji makubwa, yenye mawimbi, kina na kaa wenye nguvu ya kuvunja makombe. Rai ya Moore, hata hivyo, inastahili kufundishwa shuleni kuliko rai nyingi zilizokuwa sahihi, kwa sababu inamwonyesha mwanafunzi jinsi ushahidi wa nje unavyoweza kumdanganya mtu mwerevu, na jinsi sayansi inavyojirekebisha kwa kurudi tena majini kutazama. Na kwa kijana wa Tabora inabeba jambo la ziada, kwamba mojawapo ya mijadala mikubwa ya sayansi ya viumbe ya karne ya 19 ilianzishwa na mizigo iliyopita kwenye ardhi ya kwao, vichwani mwa watu waliobaki bila majina katika majarida ya London.

Ziwa lenyewe linazidi sifa zake. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670, kina chake kinafika mita 1,470, na ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12, na maji yake ni takriban asilimia 17 ya maji matamu yote ya juu ya ardhi yasiyoganda. Hata hivyo sehemu kubwa ya maji hayo haina uhai wa kawaida, kwa kuwa oksijeni huishia kwenye kina cha mita 100 hivi upande wa kaskazini na mita 200 na zaidi kidogo upande wa kusini, na chini ya hapo kuna haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza ambayo samaki hawawezi kuihimili. Uhai umejibana katika tabaka la juu na kandokando ya fukwe. Hapo ndipo wanapoishi siklidi, yaani samaki wa ukoo mmoja na sato na perege, ambao aina zake ziwani zinazidi 200 na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengine hulea makinda kinywani, wengine hutaga ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyolundikana chini, na wengine hulinda vipande vya mwamba vya ukubwa wa meza. Uhai huo wa miambani, ulio katika mita chache za kwanza za maji angavu, unafikiwa na mzamiaji wa kawaida, na kwa sababu hiyo Tanganyika imekuwa mojawapo ya shule kubwa za uzamiaji wa kisayansi duniani.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kile ambacho nyavu zisingeweza kukionyesha. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, wakiongozwa na Hiroya Kawanabe na kushirikiana na watafiti wa Kikongo wa Uvira, walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzamia upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa na kutazama jamii za samaki mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwao Michio Hori alimchunguza samaki aitwaye Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba anayoyakwangua ubavuni mwa samaki wengine, na ambaye mdomo wake umepinda, kwa baadhi upande wa kulia na kwa wengine upande wa kushoto, kwa hiyo kila kundi hushambulia ubavu mmoja tu. Katika makala yake ya mwaka 1993 Hori alionyesha kwamba wakizidi wenye mdomo wa upande mmoja, samaki wanaowindwa hujihadhari zaidi na upande huo, hivyo wale wachache wa upande wa pili hupata chakula kwa urahisi na kuzaa zaidi, mpaka mizani inageuka, na kwa miaka mingi idadi za pande mbili huyumba karibu na nusu kwa nusu. Ugunduzi wa namna hiyo hauhitaji mitambo mikubwa. Unahitaji macho, subira, kibao cha plastiki cha kuandikia chini ya maji, na kurudi mahali palepale kwa miaka mingi, na hizo ni sifa ambazo kijana wa miaka 16 anaweza kuwa nazo kama mtu mwingine yeyote.

Tukio la pili la maana lilikuwa Mradi wa Bayoanuwai ya Ziwa Tanganyika wa miaka 1995 hadi 2000, uliozihusisha Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, na ambao uliwafundisha watafiti wa nchi hizo nne kuzamia na kuhesabu samaki kwa utaratibu mmoja: kamba iliyopimwa kwa mita hunyooshwa chini, mzamiaji hufuata kamba hiyo polepole, na kila samaki aliye ndani ya upana uliowekwa huandikwa kwa aina yake. Kuanzia mwaka 1998 Mradi wa Nyanza, uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Arizona chini ya mwanajiolojia Andrew Cohen, kwa kushirikiana na kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ulileta wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na vya Afrika kufanya utafiti ziwani wakati wa kiangazi. Miradi hiyo ilifanya kazi njema na matunda yake yapo. Lakini ikitazamwa kwa jicho la haki inaonekana kwamba mlango wake ulikuwa wa chuo kikuu na wa ajira ya serikali, na kwamba kijana wa sekondari, aliye katika umri ambao udadisi wa mtu huchagua njia yake ya maisha, alibaki nje, hata kama shule yake ilikuwa Kigoma kwenyewe, sembuse Tabora.

Kwamba mambo yanaweza kuwa vinginevyo imeonekana Zanzibar. Kisiwa cha Chumbe, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya miamba ya matumbawe mwaka 1994 baada ya juhudi za Sibylle Riedmiller, kimekuwa kikipokea watoto wa shule ambao huongozwa na walinzi wa hifadhi, baadhi yao wavuvi wa zamani, kuyatazama matumbawe kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, bila mtungi. Jambo lililodhihirika huko ni kwamba watoto wengi waliozaliwa kisiwani, hasa wasichana, hawakuwa wamefundishwa kuogelea wala hawakuwa wamewahi kuliona tumbawe likiwa hai. Ikiwa hali ni hiyo kwa mtoto wa Unguja, basi umbali wa Tabora na maji siyo kizuizi kikubwa kama unavyodhaniwa, kwa maana kinachomtenga kijana na elimu hii, awe wa pwani au wa bara, ni kukosa mtu wa kumwingiza majini kwa usalama na kumwambia anachokitazama.

Usalama wenyewe ni somo, na pengine ni somo zuri kuliko yote yaliyomo katika uzamiaji. Mwanafunzi wa sekondari hujifunza sheria ya Boyle, isemayo kwamba ujazo wa gesi hupungua kadiri kanieneo, yaani nguvu ya kugandamiza kwenye eneo fulani, inavyoongezeka. Huiandika, huitumia katika hesabu za mtihani, na mara nyingi huisahau. Mzamiaji hawezi kuisahau. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo inayokaribia ile ya angahewa lote kwenye usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyovutwa kifuani kwenye kina cha mita 10 itataka kujaa maradufu ikifika juu, na mtu akibana pumzi wakati anapanda, mapafu yake yanaweza kupasuka. Ndiyo maana amri ya kwanza ya mzamiaji ni kutobana pumzi kamwe, na ya pili ni kupanda polepole, kwani nitrojeni iliyoyeyuka katika damu chini ya kanieneo kubwa hugeuka mapovu ikiachiwa ghafla, na mapovu hayo huweza kumlemaza mtu au kumuua.

Kwa Tanganyika kuna nyongeza ambayo vitabu vya uzamiaji wa baharini huigusa juujuu. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, ambako angahewa ni jepesi, kanieneo yake ikiwa takriban sehemu tisa kati ya kumi za ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo tofauti kati ya kina na juu huwa kubwa zaidi kwa uwiano, na majedwali ya muda wa kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari lazima yarekebishwe. Tena Tabora iko juu zaidi, kwenye mita 1,200 hivi. Kijana aliyezamia Kigoma asubuhi hapaswi kupanda gari moshi la kurudi nyumbani jioni yake, kwa sababu ileile inayomkataza mzamiaji wa Unguja kupanda ndege kabla ya mwili wake kuitoa nitrojeni taratibu; itampasa asubiri. Hakuna kitabu cha fizikia kinachoweza kumfundisha mwanafunzi wa Unyamwezi kimo cha nchi yake kwa namna ya wazi kama hiyo, kwamba kimo hicho kimo ndani ya damu yake na kinamwekea saa ya safari.

Kuna uhusiano mwingine kati ya Tabora na ziwa usiohitaji historia wala reli, nao ni mito. Maji ya Igombe na ya Ugalla, pamoja na vijito vinavyoyalisha katika wilaya za mkoa huo, huelekea magharibi, huungana na Malagarasi, na huishia Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mvua inayonyesha Urambo au Sikonge ni maji ya ziwa yaliyo njiani. Malagarasi ni mto wa heshima ya pekee, kwani ndani yake wamo samaki wa jamii zinazojulikana katika mto Kongo, ng'ambo ya ziwa, jambo linalowafanya wanasayansi waamini kwamba mto huo ni mzee kuliko ziwa na kwamba zamani ulitiririka moja kwa moja hadi Kongo kabla ufa haujaukata. Kabla ya kufika ziwani maji hayo hupita katika ardhioevu kubwa ya Malagarasi na Muyovosi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu.

Hapa pana haja ya uangalifu, maana ni rahisi kusema neno lenye mvuto lisilo la kweli. Utafiti wa Cohen na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba sehemu za ufuko zilizopakana na miteremko iliyofyekwa miti zilikuwa na aina chache zaidi za viumbe kuliko zile zilizopakana na misitu, kwa sababu mashapo, yaani udongo ulioletwa na maji na kutuama, hujaza mianya ya miamba ambamo samaki hujificha na kutaga, na hufunika utando wa mwani ambao wengi wao hula. Mtu angeweza kuharakisha kusema kwamba miombo iliyokatwa kwa ajili ya kukausha tumbaku ya Tabora ndiyo inayowaua siklidi wa Kigoma. Sivyo ilivyo, au angalau sivyo moja kwa moja, kwa kuwa udongo mwingi wa Tabora hutuama katika mabwawa na matete ya Muyovosi kabla ya kufika ziwani, na udongo unaodhuru miamba hutoka zaidi kwenye milima iliyo karibu na maji, ambako Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mwaka 1994 mpango wa TACARE wa kurejesha misitu pamoja na vijiji. Lakini ardhioevu haina uwezo usio na mwisho wa kupokea, na kuujua mpaka huo ni kazi inayoweza kuanzia Tabora hasa, kwenye madaraja ya Igombe, kwa ndoo, chupa na kisahani cheupe kinachoshushwa majini kupima uangavu. Kijana anayepima tope la mto wa kwao amekwisha kuingia katika sayansi ya ziwa kabla hajalowa.

Madhara mengine hayana mpaka wa bonde. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumeyafanya maji ya juu ya ziwa kuwa mepesi zaidi na magumu kuchanganyika na yale ya chini yenye virutubishi, na kwamba uzalishaji wa mwani, ambao ndio msingi wa chakula cha dagaa na migebuka, ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Dagaa wa Kigoma huliwa Tabora, husafirishwa kwa reli ileile iliyofika Kigoma mwaka 1914 kwa kufuata mkondo wa njia ya misafara, na bei yake sokoni ni habari ya ziwa inayofika kila nyumba, ingawa anayeisoma kama habari ya ziwa ni mmoja mmoja.

Tabora haina upungufu wa shule. Tabora Boys, ambayo Julius Nyerere alijiunga nayo mwaka 1937, Tabora Girls na nyinginezo zimelea viongozi na wataalamu kwa karibu karne nzima, na klabu za mazingira za wanafunzi ni jambo linalojulikana Tanzania tangu harakati ya Roots & Shoots ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1991 kwa kundi dogo la wanafunzi wa sekondari. Kinachokosekana ni ngazi ya kumpandisha mwanafunzi kutoka klabuni hadi majini. Gharama ya mitungi, kompresa ya kuijaza na mkufunzi mwenye cheti ni kubwa, na hakuna sababu ya kuificha; ziwa lina mamba na viboko mahali pengi, na maji yaliyotulia, yawe ya bwawa au ya ghuba, huweza kuwa na kichocho, kwa hiyo mahali pa kufundishia huchaguliwa na wanaojua. Lakini ngazi hiyo ina vidato vya chini vilivyo rahisi: kuogelea kwanza, kwa wasichana na wavulana sawia na kwa mavazi ambayo wazazi wao wanayaridhia, kisha miwani na mrija kwenye miamba ya Kigoma, ambako siklidi huonekana kwenye kina cha kifua, kisha, kwa wachache walioonyesha utulivu, mtungi. Mashirika ya uzamiaji duniani huruhusu mafunzo ya awali tangu umri wa miaka 10 kwa masharti ya kina na usimamizi, hivyo umri wa sekondari hauna tatizo. Wengi wataishia kidato cha kwanza au cha pili, na hilo halitakuwa hasara, kwa kuwa mtu aliyewahi kuuona mwamba ulio hai na mwamba uliofunikwa tope, hata kwa nusu saa tu, hawezi tena kuzungumzia kuni na mashamba ya milimani kama mtu asiyeona.

Faida ya kuanza mapema iko katika asili ya kazi yenyewe. Hesabu ya samaki ya mwaka mmoja husema machache, kwa kuwa idadi hupanda na kushuka kwa mvua, upepo wa kusini wa kiangazi na bahati. Maana hujitokeza pale hesabu inaporudiwa kwenye mwamba uleule, katika mwezi uleule, kwa utaratibu uleule, miaka kumi au zaidi. Misafara ya kigeni, hata iliyo bora, huja na fedha za miaka mitatu au mitano kisha huondoka, na ndiyo sababu kazi ya Kawanabe na wenzake huko Uvira inatajwa hadi leo kama jambo la nadra. Kijana wa Tabora anayeshika kamba ya kupimia Kigoma akiwa na miaka 15, akaenda huko kila kiangazi kwa nauli ya gari moshi, atakapotimiza miaka 25 atakuwa na orodha ya miaka kumi ya mwamba mmoja, na wataalamu wa ziwa hilo watalazimika kumwomba waisome.